Mnara wa Nyama

Ufunguo huu una uzito wa mtoto njiti.
Hermina Gunesch alinikabidhi asubuhi ya Juni,
basi likinguruma, mumewe akigonga dirisha:
"Zamfira, mwili wangu unakwenda Ujerumani.
Huu nao, ukienda, utafungua nini kule?"
Kijiji kizima kilihama kiangazi kile kimoja,
cheri zikawaivia ndege.

Ingia. Kizingiti kimeliwa na viatu
kama sabuni.
Ukumbi wa kati ndio mzee kuliko vyote: matao ya mviringo,
mafupi, mazito, yamejiinamia
kama watu waliobeba magunia ya shayiri.
Miaka mia mbili baadaye wakaja waashi wengine
na matao yaliyochongoka. Wakabomoa upande wa madhabahu,
wakapandisha madirisha membamba, marefu,
ili mwanga ushuke umesimama.
Pale walipokutana, mviringo na ncha,
pana ufa wa kidole.
Kila Pasaka naupima.
Haujaongezeka. Haujapungua.

Kisha ikaja hofu ya Waturuki; ukuta wa nje ukapanda
dhiraa kumi na sita,
kanisa likajifunza kuwa ghala, na zizi, na ngome.
Wanawake walijifungulia nyuma ya mimbari.
Ng'ombe walilala juu ya makaburi ya makasisi.
Dini ilipogeuka, watakatifu wa ukutani wakapakwa chokaa;
lakini mvua ikinyesha siku tatu mfululizo
jicho la farasi hutokeza upande wa kaskazini,
moja tu, jeusi,
likiniuliza kama wamekwisha kwenda.

Na huu hapa, wa kusini, ni mnara wa nyama.
Msicheke.
Kila nyumba ilitundika humu paja lake la nguruwe,
limefukizwa moshi, limegongwa muhuri wa nambari.
Jumapili baada ya ibada mlinzi alifungua;
kila mmoja akakata chake,
akagonga muhuri tena pale kisu kilipopita,
maana jirani ni jirani, na nyama ni nyama.
Nambari kumi na mbili, Depner. Thelathini na moja, Gunesch.
Sabini na nne, mjane Schuller,
aliyekata vipande unavyoweza kusomea gazeti.
Sisi, ng'ambo ya kijito, hatukuwa na nambari.

Baba yangu, Todor, alikuwa fundi bati.
Miaka thelathini aliliziba paa hili
na mkate wake aliulia huko huko juu,
miguu ikining'inia juu ya zaburi zao.
Ndani aliingia mara moja tu. Ngazi iliteleza,
wakamlaza kwenye benchi la wanawake
lisilo na mgongo, riboni zao zisikunjike,
mpaka mkokoteni ulipofika.
Akatuambia nyumbani: dari lao ni zuri.

Waashi wa kale waliacha alama chini ya madirisha,
ndoano, unyayo wa kuku, nusu ya nyota,
ili siku ya malipo mawe yahesabike.
Majina yao hakuna ayajuaye.
Mwaka juzi paa lilivuja, nikapanda na mpwa wangu,
tukafunua bati moja.
Upande wa chini, usioonwa na mvua wala na Msaksoni,
palikuwa na nyundo ndogo
imekwaruzwa kwa msumari.
Bati la pili, nyundo. La tatu, nyundo.
Mpwa wangu alishuka kwenda kula.
Mimi nilikaa juu ya boriti nikihesabu
hadi nikashindwa kuona vidole vyangu.

Wageni huja na kamera shingoni.
"Kanisa hili ni la nani?"
Nawatajia bei ya tiketi.

Ila Desemba hii tulichinja.
Nimetundika paja moja mnarani, ndoano ya tatu,
kando ya lile la mjane, ambalo limekuwa gogo
na panya wenyewe wamelikatia tamaa.
Muhuri sina. Nimechora kwa ncha ya kisu.
Jumapili, saa ya ibada ikishapita,
nafungua,
nakata changu,
nachora tena.